Ombwe la Bi Sikitu

Jamhuri ya Pomoni ni nchi nzuri, na nalisema hili bila kushurutishwa na mtu, ingawa kuna bwana mmoja amesimama nyuma yangu ninapoandika. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Waliochora ramani walipita kwa haraka, na Wapomoni ni watu wa adabu, hawakutaka kuwachelewesha.

Sifa kuu ya nchi hiyo ni kwamba imejaa. Hospitali zimejaa, magereza yamejaa, na hotuba za viongozi hujaa hata pale ambapo hazina neno ndani yake. Juu ya mlango wa kila ofisi imeandikwa kaulimbiu ya taifa: KILA KITU KIPO. Mwananchi akiingia akaambiwa kwamba anachokitaka hakipo, huonyeshwa kaulimbiu, akashukuru, akaenda zake.

Kiongozi wao, Mtukufu Mlezi, alikuwa mtu wa kupenda usafi. Popote alipotarajiwa kupita, kuta zilipakwa rangi upya, na mawe ya kando ya barabara, na mashina ya miti, na safari moja ng'ombe wawili waliochelewa kuondoka. Kwa hiyo Mtukufu aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba nchi yake yote inanukia rangi mbichi. Siku moja alipotea humo humo Ikulu akaingia jikoni, akakutana na harufu ya kitunguu, akaomba radhi kwa kuvuka mpaka bila pasipoti.

Sasa, rangi haiji peke yake. Inakuja na tina, yale maji makali ya kulainishia rangi na kuoshea brashi. Tina ikishatumika inakuwa nzito na chafu, haifai tena, na mafundi wote wa Pomoni walikuwa wakiimwaga mtaroni. Hawakuwa wakivunja sheria. Sheria ilisema Pomoni haina taka.

*

Bi Sikitu Ngwilizi alisoma kemia chuoni mpaka akaimaliza. Kwa kuwa wizara zote zilikuwa zimejaa, alifungua karakana ya rangi katika Mtaa wa Mabati. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini na mikono yenye madoa ya kila serikali iliyopita, maana kila baraza jipya la mawaziri lilikuja na rangi yake. Kazi ilikuwa haimwishii. Alipaka, aliosha brashi, alimwaga, alipaka tena.

Asubuhi moja shoga yake, Mwanamvua, aliingia karakanani na fungu la mchicha, akamsogezea puani bila hata salamu.

"Nusa."

Bi Sikitu akanusa. "Unanuka mlango mpya."

"Ndivyo wanavyoniambia sokoni! Jana mama mmoja kaniuliza kama ninao wa rangi ya maziwa, anapaka sebule."

"Unaumwagilia maji ya wapi?"

"Ya kijito. Ulitaka nimwagilie ya zamzam?"

Kijito cha Nyamrembo kilipita nyuma ya karakana, kikajikunja mara moja kama mtu aliyesahau kitu, kisha kikateremka hadi kwenye bustani ya Mwanamvua. Bi Sikitu aliutazama mtaro wake. Ulikuwa ukimeta rangi saba, mzuri kama upinde wa mvua, na hakukuwa na chura hata mmoja. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Ni mimi, shoga," alisema. "Ninachomwaga huku ndicho unachovuna huko."

Mwanamvua akauweka ule mchicha juu ya meza, taratibu, kama anayeweka mtoto.

"Basi huu ni wako. Upike. Ule."

Akaondoka. Bi Sikitu hakuupika. Ulikaa mezani mpaka ukanyauka, na kila alipoinua macho aliuona.

*

Katika mji huo kulikuwa na kiwanda cha maziwa kilichofungwa kutokana na mafanikio. Huko Bi Sikitu alinunua pipa la chuma kisichoshika kutu, bomba refu la kupozea, na pampu iliyokuwa ikikamulia ng'ombe enzi ambazo ng'ombe walikuwepo. Alifungafunga, alichomelea, alilaani, akafungua, akafunga upya. Mtambo ulipokuwa tayari, alikwenda mwenyewe kumwita Mwanamvua.

"Nieleze kama mtu," Mwanamvua alisema, akiuzunguka mtambo ule na mikono nyuma. "Si kama chuoni."

"Haya. Tina chafu iko ndani ya pipa. Nikiichemsha, tina itapanda kama mvuke, rangi itabaki chini. Mvuke ukipita kwenye bomba la baridi unageuka maji tena, safi. Umeelewa?"

"Kama jasho la kifuniko cha sufuria."

"Hasa. Tatizo ni kwamba kuichemsha kunataka moto mkali, na tina na moto ni mume na mke waliotalikiana, ukiwakutanisha chumba kimoja nyumba inaungua. Kwa hiyo ninaiondoa hewa kwanza. Hewa, shoga, ni kama mama mkwe aliyekalia kifuniko. Akiwepo, chungu hakichemki kwa raha. Mtoe nje kwa pampu, ndani kukabaki ombwe, yaani patupu pasipo hata hewa, basi hata maji ya moto tu niliyozungushia pipa yanatosha. Hakuna kijiti kinachowashwa."

"Mama mkwe nje," Mwanamvua alisema. "Hilo nimelielewa vizuri sana."

Pampu ikanguruma. Kwenye kioo kidogo cha pipa, lile tope la tina chafu likaonekana likianza kutokota, ingawa pipa lenyewe ungeliegemea kwa kiganja. Punde tone likatoka mwisho wa bomba. Likafuatiwa na jingine. Halafu uzi mwembamba wa tina, safi, usio na rangi, ukawa unashuka kwenye ndoo. Bi Sikitu alichovya brashi yenye rangi iliyokauka, akaisugua, nywele za brashi zikaachana. Alikaa chini juu ya debe akacheka peke yake, na Mwanamvua akacheka kwa sababu mwenzake anacheka. Chini ya pipa ulibaki ukoko mzito wa rangi, kama ule wa wali.

Kutoka siku hiyo hakumwaga tena hata tone. Mafundi wa mitaa mingine walisikia, wakaanza kuleta madebe yao. Kijito kikasafika, vyura wakarudi wakiwa na malalamiko mengi, na mchicha wa Mwanamvua ukarudi kuwa mchicha. Bi Sikitu akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, juu ya mlango: TUNASAFISHA TINA CHAFU KWA OMBWE.

Hapo ndipo alipoharibu.

*

Ni lazima nieleze kwamba miaka michache nyuma gazeti moja dogo la Pomoni liliandika kuwa nchi ina ombwe la uongozi. Gazeti hilo kwa sasa limepumzika. Mhariri wake naye amepumzika. Wizara ya Utoshelevu ilitoa tamko kwamba katika nchi ambayo kila kitu kipo, ombwe haliwezi kuwepo, na kisichokuwepo hakihitaji neno. Kamusi zikakusanywa, neno likakatwa kwa wembe. Wapomoni waliruhusiwa kuendelea na majirani zake wa ukurasa huo huo, yaani kuomba na kuomboleza.

Wizara hiyo ilikuwa na Afisa Maneno, Bwana Pantaleo, mtu mwembamba aliyetembea akisoma kila kilichoandikwa, hata maneno ya nyuma ya maboksi ya sabuni. Aliusoma mlango wa Bi Sikitu, akausoma tena, akaenda kuleta askari.

"Hili neno la mwisho," alisema, akilielekezea kidole lakini akigeuzia uso pembeni, "umelitoa wapi?"

"Chuoni."

"Na kitu chenyewe unakipata wapi?"

"Nakitengeneza mwenyewe."

Bwana Pantaleo akashika fremu ya mlango. "Unakitengeneza! Humu! Ndani ya Jamhuri!"

"Kila siku, ndugu yangu. Kwa pampu."

"Kiasi gani?"

"Pampu ikifanya kazi vizuri, mle ndani panakuwa hapana kitu kabisa."

Askari wawili walitazamana. Mmoja alivua kofia, kama msibani.

Bwana Pantaleo aliamuru kielelezo kikamatwe. Likaletwa gunia. Askari aliuweka mdomo wa gunia kwenye bomba, Bi Sikitu akaambiwa afungue koki. Pipa likavuta hewa kwa nguvu, *fyuuu*, gunia likanata kwenye bomba likajikunja lote.

"Linapigana, afande!" askari alipiga kelele. "Linakataa kukamatwa!"

"Mshike! Usimwachie!"

Walivuta, wakaanguka, gunia likabanduka, wakalifunga kamba shingoni wakiwa wamelikalia. Bi Sikitu alikuwa bado anacheka walipomfunga pingu. Alipogeuka na kuona wamebandika karatasi nyekundu mlangoni, na mafundi wamesimama nje na madebe yao hawajui wayapeleke wapi, kicheko kikamkauka. Alijua watakayoyafanya. Mtaro ulikuwa palepale.

*

Mahakamani Bwana Pantaleo ndiye aliyekuwa mlalamikaji, shahidi na mwendesha mashtaka, kwa sababu ofisi ilikuwa imejaa. Gunia liliwekwa juu ya meza.

"Lifunguliwe tuone," alisema hakimu, mzee mnene aliyekuwa amebakiza kidogo astaafu na alitaka kufika huko salama.

"Likifunguliwa litatoroka, Mheshimiwa Hakimu."

"Tutajuaje kama limo?"

"Linyanyue. Jepesi kabisa. Hakuna kitu ndani."

"Kama hakuna kitu ndani, ni kielelezo cha nini?"

"Cha hicho hicho, Mheshimiwa."

Bi Sikitu aliomba ruhusa ya kusema. "Mheshimiwa Hakimu, ningependa kuelewa. Kama limo kwenye gunia, basi lipo nchini, tena liko mikononi mwa Serikali. Kama halimo, mimi nimeshikwa kwa nini?"

Hakimu akatoa leso, akajifuta shingo. Alimtazama Pantaleo, akatazama picha ya Mtukufu Mlezi ukutani, akalitazama gunia kwa chuki ya kweli. Kisha akaahirisha kesi mpaka jambo lenyewe litakapokuwa halipo tena, na mshtakiwa arudi rumande.

Rumande palikuwa pamejaa. Walimpokea vizuri, wakamsogezea nafasi ya kukaa ubavu. Bi Sikitu alijikaza mpaka Mwanamvua alipoleta makande katika kibakuli. Alipoona uso wa shoga yake kwenye matundu ya waya, machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa.

"Wameanza tena kumwaga?"

"Kula kwanza."

"Mwanamvua. Wameanza?"

"Chura wa kwanza amehama jana," Mwanamvua alisema. "Lakini hilo si la kukuliza. Mtambo wako haupo. Waziri kauchukua kwa lori."

"Waziri gani?"

"Yupi mwingine? Bandoma. Rangi ya Sikukuu ya Utele imepungua, tina hakuna, na Mtukufu anakuja. Waziri kasema mtambo wako ni mzuri ila una kasoro moja, ameiondoa. Atauwasha uwanjani mbele ya watu. Sisi kikundi cha ngoma tumepangwa kukaa mbele kabisa, karibu nao, tuwe kama mapambo."

Kijiko kilikwama mdomoni mwa Bi Sikitu. "Kasoro gani ameiondoa?"

"Sijui. Pampu, nadhani."

*

Mheshimiwa Fulujensi Bandoma, Waziri wa Utoshelevu, alikuwa mtu wa mwili na sauti. Alipoongea na mtu mmoja aliongea kama anaongea na mkoa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu, kwa hamu iliyomkosesha hata hamu ya nyama choma, Mtukufu amtazame na kutikisa kichwa.

Asubuhi ya Sikukuu ya Utele mtambo ulijaribiwa kwa maji ya moto, ukagoma. Mafundi wa wizara waliupigapiga, wakauhutubia, ukagoma. Basi Bi Sikitu alitolewa rumande akaletwa uwanjani na askari pembeni, na Bwana Pantaleo nyuma yao, gunia begani, maana kielelezo hakiwezi kuachwa peke yake.

Pampu ilikuwa imetupwa nyasini. Mahali pake palifungwa feni kubwa la kupulizia, ili, kama Waziri alivyoeleza, mtambo ujae badala ya kupungua. Maji ya moto yalikuwa yamemwagwa. Chini ya pipa zilipangwa kuni kavu, na kijana wa itifaki alikuwa amesimama na kiberiti akingoja ishara. Na hatua chache tu kutoka hapo, wamejipanga kwa kanga mpya za chama, walikaa wanawake wa kikundi cha ngoma. Mwanamvua alikuwa mstari wa mbele na fungu la mchicha mkononi, akiwa ameamriwa aupunge.

"Mheshimiwa," Bi Sikitu alisema, "mwambie huyo aweke kiberiti mfukoni."

"Moto huo ni wa sherehe, mama. Umo kwenye ratiba."

"Hapo kuna tina pipa zima. Ukiipulizia hewa na ukawasha moto chini yake, hakutakuwa na ratiba. Hakutakuwa na jukwaa. Wale akina mama watakwenda nalo."

Bandoma aliwatazama wale akina mama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapungua ukubwa. "Sasa nifanye nini? Mtukufu yuko njiani."

"Rudisha pampu."

"Siwezi! Ile pampu inatoa… inaleta ile…" Akamtupia jicho Bwana Pantaleo, ambaye tayari alikuwa amelamba ncha ya penseli. "Ile hali. Mimi ndiye niliyeipiga marufuku, mama! Kwa sauti yangu, redioni!"

Ving'ora vikasikika mbali. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele kama walivyofundishwa. Bi Sikitu alimtazama Mwanamvua, naye Mwanamvua, bila kujua lolote, alimpungia mchicha.

"Mheshimiwa," alisema pole pole, "kosa ni langu. Sikuieleza vizuri ile pampu. Ile pampu haipunguzi. Inajaza."

"Inajaza nini?"

"Inajaza nje. Humu ndani ya pipa kuna hewa imejificha. Haimsaidii mtu. Pampu inaichukua na kuikabidhi huku nje kwa wananchi."

Bandoma akakunja uso. "Yaani hewa hiyo ilikuwa imehodhiwa?"

"Imehodhiwa kabisa, Mheshimiwa."

"Na kila pampu inapozunguka, Jamhuri inazidi kujaa?"

"Kila inapozunguka."

Bwana Pantaleo akasogea. Alikuwa na masikio makali kuliko macho. "Na ndani ya pipa," aliuliza, "panabaki nini?"

Lilikuwa swali la hatari, na wote watatu walilijua. Penseli ilikuwa hewani.

"Ndani ya pipa," Bi Sikitu alisema, "haishi mwananchi hata mmoja."

Bwana Pantaleo alifikiri, akatafuta neno la kukamata katika sentensi hiyo, hakuliona. Waziri alikuwa ameshapiga kelele: "Rudisheni pampu ya kujaza nje! Leteni maji ya moto! Na wewe, kijana, kiberiti hicho utakula!"

*

Mtukufu Mlezi alipanda jukwaani pampu ikinguruma. Mheshimiwa Bandoma alikishika kipaza sauti kama anayemshika mdeni wake.

"Mtukufu! Ndugu wananchi! Wapo watu, sitawataja kwa majina kwa sababu majina yao tunayo, waliosema nchi hii inapungukiwa. Leo nawaambia: tangu pampu hii iwashwe, Jamhuri imeongezeka hewa! Hewa iliyokuwa imefichwa na wachache sasa ni mali ya umma! Vuteni, ndugu zangu! Vuteni hewa yenu!"

Uwanja mzima ukavuta.

"Mnaisikia?"

"Tunaisikia!"

"Toeni taratibu, msiimalize!"

Wazee wa jukwaa kuu walipiga makofi. Mtukufu alishuka mwenyewe, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba, akausogelea mtambo. Alikuwa mzee mdogo wa umbo kuliko picha zake. Aliinama, akautazama ule uzi wa tina safi ukishuka kwenye ndoo, akanusa, akafumba macho kwa furaha kama mtu aliyesikia harufu ya kwao.

"Nani mwenye kifaa hiki?"

Bandoma akafungua mdomo. Lakini wakati huo Bi Sikitu alikuwa amechuchumaa akikaza koki, na Mtukufu alikuwa anamwangalia yeye.

"Ni mimi, Mtukufu."

"Kwa hiyo kilichotumika, kikachafuka, unakirudisha kama kipya."

"Karibu na kipya, Mtukufu."

Mtukufu akacheka kicheko kidogo cha puani. "Watu wanakisifu leo kifaa hiki kwa jambo ambalo mimi nalifanya miaka mingi. Mawaziri wangu nawafanya hivyo hivyo. Akichafuka namtoa, namweka pembeni apoe, namrudisha wizara nyingine, wananchi wanampokea kama hajawahi kuonekana."

Jukwaa likacheka, kila mmoja akihakikisha anaonekana anacheka. Bi Sikitu hakucheka. Alikuwa amechoka, amelala ubavu siku nyingi, na swali lilimtoka kabla hajaliangalia vizuri.

"Na ukoko, Mtukufu? Huu unaobaki chini, ambao haurudi tena kuwa kitu? Wa kwenu mnautupa wapi?"

Mtu angeweza kusikia tone likianguka ndooni, na lilianguka. Bwana Pantaleo aliliachia gunia likadondoka. Mwanamvua alishusha mchicha. Bi Sikitu aliona wazi mlango wa rumande, ukifuatiwa na milango mingine ya ndani zaidi.

Mtukufu Mlezi alikuna kidevu. Alikuwa anafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa kitu cha maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Huo," alisema, "tunaupa ubalozi."

Kisha, bila haraka, akageuza kichwa akamtazama Mheshimiwa Bandoma, akakitikisa.

*

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi, kama yanavyokwenda Pomoni pale ambapo hakuna mtu wa kuyazuia. Mtukufu aliagiza kila karakana nchini iwe na pampu ya kujaza nje, na atakayemwaga tina mtaroni ahesabiwe kuwa anahodhi hewa ya umma. Hakimu alipopata habari hizo alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Aliamua kwamba gunia lilikuwa na hewa halali ya Serikali iliyokamatwa kimakosa, akaamuru iachiliwe. Bwana Pantaleo alifungua kamba mwenyewe, katika ukumbi wa mahakama, na wapo wanaoapa kwamba alipokunjakunja gunia tupu alikuwa na huzuni. Walikuwa wamezoeana.

Bi Sikitu alirudi karakanani na mtambo wake. Mlangoni aliandika TUNASAFISHA TINA CHAFU, akaishia hapo. Neno lile lilibaki marufuku, na hadi leo Wapomoni hulifanya kila siku bila kulitaja. Wahandisi vijana kutoka wizarani walikuja kujifunza namna ya kujaza nje, naye aliwafundisha kwa uso mkavu, akawaonya kuhusu mama mkwe na kifuniko, nao waliandika.

Kuhusu Mheshimiwa Bandoma, redio ilitangaza kwamba ameteuliwa kuwa Balozi katika nchi fulani ya mbali yenye theluji nyingi na Wapomoni wachache sana. Alipongezwa na wote. Simu ya mwisho ya pongezi ilipigwa siku hiyo hiyo, baada ya hapo simu yake haikulia tena.

Kabla ya kusafiri alikuja Mtaa wa Mabati, jioni, kwa miguu. Bi Sikitu alikuwa anakwangua pipa. Hakumpenda mtu huyu, na hakuwa na sababu ya kumpenda. Lakini aliiona kola ya shati lake imekunjika upande mmoja, na hakukuwa na msaidizi wa kuinyoosha, akamvutia debe la kukalia, akammiminia chai ya tangawizi.

Sauti ya Balozi ilikuwa imepungua hata ikatosha chumba kimoja.

"Mama," alisema mwishowe, "huo ukoko. Ukishaukwangua ndiyo basi?"

"Hapana. Unakauka, tunausaga, tunauchanganya na saruji. Vinatoka vigae vya sakafu." Akamwonyesha kimoja kwenye dirisha, cha rangi isiyo na jina, iliyotokana na mabaraza yote ya mawaziri kwa pamoja.

Bandoma alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza.

"Vinakanyagwa?"

"Vinakanyagwa, Mheshimiwa. Lakini havitelezi."

Bandoma akauliza kama anaweza kupewa kile kimoja, aende nacho. Bi Sikitu akasema achukue. Alikipangusa vumbi kwa leso, akakitia kwapani, akaaga kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake alipokuwa waziri, akashika njia ya mkato inayofuata kijito.

Huko chini Mwanamvua, ambaye alikuwa ameshaelezwa kilichokuwa kimepangwa chini ya lile pipa siku ya sherehe, na hakuwa amemsamehe mtu yeyote, alimsimamisha kwa tabasamu pana, akamuuliza habari za nyumbani, na akamuuzia mchicha kwa bei ya balozi.